Mmoja Analia, Mmoja Kimya

Binti yangu akilia, soko zima linajua. Ndivyo alivyozaliwa. Mwiba mdogo wa kidoleni unatosha kuwatoa majirani jikoni wakiwa bado wameshika miko, na wakifika wanakuta hata damu hakuna. Nilizoea kumwambia apunguze, asije akakosa wa kumkimbilia siku ya shida yenyewe. Kaka yake alikuwa wa namna nyingine kabisa. Hata alipokuwa mchanga alikuwa akilia kidogo halafu anaacha, kana kwamba amekumbuka ana kazi nyingine.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wa tohara. Kwetu Kabuchai msimu huo huja mwezi wa nane, mwaka mmoja upo, unaofuata haupo, na mvulana hapelekwi kwa nguvu. Yeye mwenyewe ndiye husema yuko tayari. Wangu alisema. Akatafutiwa chinyimba, zile kengele za chuma ambazo mvulana hushika mikononi akizigonga kwenye vikuku, akawa anazunguka kwa mashangazi na wajomba kuwaalika waje wamwone akisimama. Kusimama ndiko kila kitu. Anasimama mbele ya umati, kisu kinapita, naye hatakiwi kutikisika wala kukunja uso wala kupepesa jicho. Akitikisika, watu watalisema jambo hilo mpaka atakapokuwa na wajukuu.

Baba yao alifariki binti akiwa bado ananyonya, kwa hiyo aliyemwandaa ni baba yao mdogo, shemeji yangu, mkulima wa miwa na mtu wa mizaha. Mafunzo yake yalinichosha. Mtoto amekaa anakula ugali wake, ghafla baba mdogo anamfinya sikio, kisha anainama kumchungulia usoni. Mtoto anaoga, anamwagiwa maji baridi mgongoni bila taarifa. "Umepepesa jicho! Nimekuona!" Mwanangu alifurahia michezo hiyo. Mwishoni mwa Julai ungeweza kumfinya mpaka kucha zako ziingie, akakutazama tu kama anayengoja umalize. Mimi ulimi wangu hauna breki, nikamwambia shemeji kwamba anamfanya mtoto wangu jiwe. Akacheka.

"Shemeji, wewe pika. Hii ya wanaume tuachie."

Na alikuwa na sharti moja alilorudia kila jioni. Mvulana akiugua kabla ya siku yake, au akianza kulalamika hapa panauma na pale panauma, anaondolewa msimu huo. "Kichwa ikiuma, tumbo ikiuma, unangojea miaka mbili. Wenzako watakuwa wanaume, na wewe uko hapa unachunga ng'ombe na watoto." Alikuwa akisema hivyo kwa kicheko, lakini mwanangu hakucheka. Aliliweka neno hilo moyoni, akalifungia humo.

Asubuhi yenyewe nilikuwa barazani kwangu kituoni, kando ya barabara, nashona sare za shule. Trekta la miwa lilipita kama kawaida, linavuta trela mbili zilizojaa mpaka miwa inaning'inia pembeni. Watoto wa kwetu hukimbiza trela hizo na kuchomoa muwa mmoja mmoja. Kila mzazi anakataza, na kila mzazi aliutafuna muwa huo alipokuwa mdogo. Binti yangu aliushika mmoja ukakataa kutoka. Akavuta kwa nguvu zote. Ulipotoka, ulitoka na wenzake, mzigo mzima ukateremka na kumwangukia mguuni.

Kaka yake alikuwa anarudi kutoka kualika watu, kengele mikononi. Alikimbia akamshika dada yake kwapani amvute. Miwa mingine ikateremka, ikampiga kifuani, akaanguka chali na kisogo chake kikagonga saruji ya kalvati. Hayo sikuyaona, niliambiwa na vijana wa boda walioegesha pale. Waliniambia kwa kusifu. Ati alianguka, akakaa kidogo, akasimama, akagonga kengele zake, na watu wote kituoni wakapiga kelele: mwanaume!

Mimi nilichokiona nilipofika ni paja la binti yangu limekunjika mahali ambapo paja halina kiungo. Alikuwa analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, na mara hii sababu ilikuwepo. Kaka yake amepiga magoti kwenye matope, kichwa cha dada kiko mapajani mwake, anamfuta machozi kwa mkono mchafu.

"Wewe umeumia?" nikamuuliza.

"Hapana, mama."

Nikampapasa kichwa. Palikuwa na matope kisogoni, na chini ya matope palikuwa na uvimbe, lakini damu haikuwepo. Shemeji alikuja mbio kutoka shambani, panga bado mkononi. Naye akampapasa.

"Kichwa inauma?"

"Hapana."

"Hapana kabisa?"

"Hapana, baba."

Shemeji akanigeukia, uso wote unang'aa. "Si nilikwambia? Hii ni chuma, bana."

Kijana mmoja wa boda aliyewahi kwenda semina ya huduma ya kwanza akatwaa miwa miwili kati ya ile ile iliyomvunja binti yangu, akaipima kando ya mguu, akaifunga kwa leso yangu na ya mama mkwe, aliyekuwa amefika kwa kusikia kilio, juu ya goti na chini ya goti. Tukamlaza kwenye pikapu ya mtu wa maziwa, juu ya magunia. Mama mkwe akakaa upande wa mguu akiushika usitikisike. Mwanangu akakaa upande wa kichwa. Shemeji akasema atatufuata na boda. Barabara ya kwenda Bungoma ni lami, lakini siku ile kila tuta lilitoa yowe, na mimi nilikuwa nampigia dereva kelele aende haraka na kumpigia kelele aende polepole. Nilipomtazama mwanangu, alikuwa amelaza kichwa kwenye ubavu wa gari na kufumba macho. Nikaona vema apumzike, maana siku iliyotangulia alikuwa amekwenda mpaka Bokoli kumwalika kaka yangu, mjomba wake, na alfajiri ile alikuwa ameanza tena kukimbia.

Hospitali ilikuwa imejaa. Shule zikifungwa, miti ya mapera na pikipiki huleta watoto kwa zamu. Lakini kilio cha binti yangu kilitufungulia njia. Watu walijivuta pembeni wenyewe, mzee mmoja akasema "pole, mama, pole," na daktari akatoka kabla hatujaita. Alikuwa msichana mdogo kiumri, amefunga nywele kwa kitambaa, wa kutoka mbali na kwetu. Aliutazama mguu, akaitazama miwa, akatabasamu kidogo na kuagiza sindano ya maumivu. Halafu akamwona mwanangu na yale matope.

"Na huyu?"

"Huyu yuko sawa," akasema shemeji, aliyekuwa ameshafika.

Daktari hakumsikiliza. Alimwinamia mwanangu. "Kichwa inauma?"

"Hapana."

"Umetapika?"

"Hapana."

"Unaniona vizuri?"

"Nakuona."

Alimwambia akae kwenye benchi karibu na mlango, asiende popote na asilale, akimaliza mguu atampima. Mwanangu akakaa, mgongo umenyooka, kengele mapajani. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimtazama kwa kumpenda. Mmoja akamwambia mtoto wake aliyekuwa analia, "Ona kaka alivyo mpole." Hata leo nikisikia mtu anamsifu mtoto kwa kunyamaza, nataka kumziba mdomo.

Walipofungua miwa ili waunyooshe mguu na kuuwekea uzito wa kuuvuta, binti yangu alipasua koo. Nilikuwa nimemshika mabega, nasema maneno ambayo hata mimi sikuyasikia. Katikati ya yowe hilo maneno yake yakaanza kutoka, yakiwa yamechanganyika na jina la Yesu na jina langu.

"Na yeye! Na yeye ametapika pale kalvati! Akafukia na matope! Akaniambia nisiseme!"

Daktari akaacha alichokishika.

"Nani?"

"Kaka! Aliniambia nisiseme, watamwambia angoje!"

Niligeuka. Mwanangu alikuwa ameegemea ukuta, kidevu kimeshuka kifuani, na kengele moja imeanguka sakafuni bila yeye kuiokota. Shemeji alikuwa amekaa kando yake, amemwekea mkono begani ili asianguke. "Wacha alale kidogo," akaniambia. "Amekimbia sana." Nikamwita mwanangu. Nikamwita tena, nikamtikisa, nikamwita kwa jina la marehemu baba yake ambalo huliitikia hata akiwa usingizini. Alikuwa anapumua kwa mkoromo wa mtu mzima.

Wakamweka kitandani. Daktari akamwita kwa nguvu, akamsugua katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Hakuna kitu. Akachukua kalamu, akaibana juu ya ukucha wa kidole, akabana mpaka ukucha ukawa mweupe. Mkono haukuvutwa. Uso haukukunjika.

Na shemeji, Mungu amsamehe, alikuwa bado anatabasamu.

"Daktari, huyo hata ukimkata hatikisiki. Nimemfundisha mimi mwenyewe."

Daktari akamtazama. "Unasema anasikia maumivu, anajizuia tu?"

"Ndiyo! Si ni mwaka wao? Jaribu tena, utaona."

Daktari alisita. Niliona kalamu imebaki hewani. Na mimi, kwa muda huo, nilimwamini shemeji kwa moyo wangu wote. Nilitaka awe sahihi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilitaka mwanangu awe pale ndani, macho amefumba kwa ukaidi, anatushinda sote. Nikainama sikioni kwake.

"Lia, mwanangu. Hakuna atakayekucheka. Lia kidogo tu, daktari akuone."

Hakulia. Nikamfinya paja. Nilimfinya kama ninayemchukia, nikazungusha ngozi mpaka vidole vyangu vikauma. "Lia!" nikapiga kelele. "Nimesema lia!" Chumba kizima kilikuwa kimya isipokuwa binti yangu kwenye kitanda kingine, ambaye alikuwa akilia kwa niaba ya ukoo mzima.

Daktari akanisogeza kwa kiwiko. Akafunua jicho moja, akamulika kwa tochi, mboni ikajikunja. Akafunua la pili, akamulika. Mboni ilikuwa pana na nyeusi, na ilibaki vilevile. Akamulika tena kwanza hili halafu lile.

"Hii huwezi kuifundisha," akasema, na alianza kuita watu kwa sauti nyingine kabisa.

Niliiokota ile kengele sakafuni, nikamrushia shemeji. Ilimpiga kifuani kwa kishindo, ikaanguka. Hakuinua mkono kujikinga, hakurudi nyuma, hakupepesa hata jicho. Nilimchukia zaidi kwa hilo.

Daktari alinieleza huku mikono yake ikifanya kazi. Damu inavuja ndani ya fuvu, inakusanyika kati ya mfupa na ubongo, na haina pa kutokea, kwa hiyo inausukuma ubongo. Ndiyo maana alisimama vizuri mwanzoni, akaongea, akatembea, halafu akazama. Ni lazima fuvu lifunguliwe damu itoke, na lifunguliwe leo. Mashine ya kupiga picha ya kichwa na mtu wa kufungua fuvu wako Kitale. Ambulensi ilikuwa inawashwa. Mzazi aingie.

Binti yangu alielewa kabla yangu. "Mama, usiniache!" Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwenye uzito, hawezi kugeuka, anageuza macho tu kunitafuta. Nilikuwa na watoto wawili na miguu miwili, na mguu mmoja haukutaka kumfuata mwenzake. Mama mkwe akanisukuma mgongoni kwa kiganja. "Enda. Mimi nakaa na huyu." Nikamwambia binti yangu narudi sasa hivi. Alijua nadanganya, akalia zaidi, na kilio hicho kilinisindikiza mpaka getini.

Ndani ya ambulensi mwuguzi alikuwa amemlaza mwanangu kichwa kikiwa juu kidogo, ameviringisha taulo pande zote mbili za shingo isigeuke, amemfunika pua na mdomo kwa kifaa cha hewa. Kila mara alifunua macho akamulika. Sikumwuliza kitu. Nilikuwa naisoma shingo ya mwuguzi. Akimaliza kumulika na kuegemea nyuma, nilipumua. Shemeji alikaa mbele na dereva, na mimi nikaapa kwamba mtoto huyu akifa, mtu yule hatakula tena kwenye sahani ya nyumba yangu. Tukapita Webuye. Tukapita njia ya kuingilia Bokoli, ambako kaka yangu alikuwa ameshachagua dume la kumchinjia mpwa wake.

Mbele kidogo gari likapunguza mwendo, kisha likasimama. Niliwasikia kabla sijawaona. Kengele. Mvulana mwingine, wa mama mwingine, alikuwa anasindikizwa kutoka kwa mjomba wake, na umati umejaa lami yote, wanaimba, wanaruka, matawi yapo juu. Dereva alipiga king'ora, nao wakaona kama kimekuja kuwaongezea ngoma. Vijana wakaanza kuchezea mbele ya gari. Mwuguzi akafunua jicho la mwanangu, akamulika, na mara hii hakuegemea nyuma.

"Tuende," akamwambia dereva. "Tafadhali, tuende."

Kengele zilikuwa zinagongwa nje ya kioo, karibu kabisa. Nikaitazama mikono ya mwanangu. Nilidhani labda itasikia na kugonga. Ilikuwa imelala kwenye shuka, viganja juu.

Shemeji akafungua mlango na kushuka. Nilimwona kupitia kioo cha mbele akiingia katikati ya wale vijana, anasukumwa huku na huku, mtu wa miraba minne anapepesuka kama mlevi. Akamfikia mzee aliyekuwa akiongoza wimbo, akapiga magoti kwenye lami. Akanyoosha kidole kwetu. Sikusikia alichosema, lakini niliona mzee akigeuka na kuinua fimbo yake. Wimbo ukakatika. Kengele zikanyamaza, zile za mbele kwanza, halafu za nyuma, na umati ukafunguka katikati. Yule mvulana mwenye msimu wake alisimama pembeni tukimpita, amekumbatia kengele zake kifuani zisilie. Shemeji aliruka ndani gari likiwa limeshaanza kwenda.

Kitale mambo yalikwenda haraka, na haraka hiyo ilinitisha kuliko kucheleweshwa. Picha ikapigwa. Daktari mpasuaji akanionyesha kwenye kioo weupe mkubwa uliokaa pembeni mwa ubongo wa mwanangu, umevimba katikati kama haragwe. Akauliza mzazi ni nani. Shemeji alikuwa amezoea kujibu swali hilo. Mara hii alinitazama, akarudi nyuma ya mgongo wangu. Nikasema ni mimi. Walimnyoa nusu ya kichwa, wakaingia naye, na mlango ukafungwa.

Walipotoka, jua lilikuwa linazama. Mpasuaji alisema damu imetoka, na mshipa uliokuwa unavuja umezibwa. "Sasa tunangoja aamke. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Tukangoja. Ningependa kusema nilisali, lakini nilichofanya zaidi ni kukasirika. Nilikasirikia trekta, kalvati, ngoma, marehemu mume wangu kwa kufa na kuniachia ndugu yake. Daktari alikuja kila asubuhi, akambana ukucha kwa kalamu, akamtazama usoni. Mkono ulianza kusogea kidogo, kivivu, kisha ukaacha. Daktari alisema ni afadhali, lakini hakusema kwa sauti ya afadhali. Alitaka zaidi. Alitaka mtoto akasirike, asukume kalamu, alie.

Mama mkwe alikuwa akipiga simu kutoka Bungoma na kumpa binti yangu aongee. Nilikuwa nimemweleza kwamba kaka yake akilia ndipo tutajua amerudi. Tangu hapo hakuuliza kuhusu mguu wake wala nitarudi lini. Aliuliza neno moja tu. "Amelia?" Nikamwambia bado. Halafu tukanyamaza wote wawili kwenye simu, yeye ambaye hakuwahi kujua kunyamaza.

Shemeji alikuwa akilala kwenye veranda na hakuingia wodini. Kila asubuhi alituma chai kwa mwuguzi. Siku moja aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, na mimi nikaipokea nikaimwaga kwenye majani akiwa ananitazama. Akachukua kikombe kitupu, akaenda kukiosha. Nilitamani anitukane ili nipate pa kuanzia.

Ikafika siku ambayo ilikuwa iwe ya mwanangu. Tangu mapambazuko simu ya shemeji ilikuwa inaita, watu wa nyumbani wakiwa mtoni kuwapaka wavulana wengine matope ya tohara, kelele zinasikika hata bila kuiweka sikioni. Aliizima. Akaingia wodini kwa mara ya kwanza, kofia mkononi, akapita vitanda vya kina mama na watoto wao mpaka kwetu, akainama juu ya kile kichwa kilichofungwa bendeji. Alisema naye kwa Kibukusu, polepole, kama anavyosema na mzee.

Alimwambia msimu umepita bila yeye, na aliyesema angoje si ugonjwa, ni yeye baba yake mdogo. Alimwambia hakuna mtu kule nyumbani aliyecheka. Akamwambia alisimama vizuri, alisimama vizuri kupita kiasi, na sasa inatosha. "Nimekufungulia. Mahali panauma, sema. Wakikubana, kataa. Lia, baba. Mimi ndiye nimekuruhusu." Sauti yake ilipasuka kwenye neno la mwisho, akaanza kulia mwenyewe, mbele ya wanawake wote wale, wala hakujifuta. Kamasi zilimtoka, mabega yakatikisika. Mwanangu alilala vilevile.

Bado nilikuwa nimekasirika. Lakini nilimsogezea kiti.

Kesho yake asubuhi mwuguzi alikuja kubadilisha bendeji. Alikuwa mama mmoja mzito wa mkono, na plasta ilikuwa imeshikana na ngozi pale penye nywele. Akaivuta. Nilikuwa naangalia dirishani, nawaza kama binti yangu amekunywa uji. Nikasikia kitu nyuma yangu, kidogo, kama mlango wa kabati unaofunguliwa.

Nilipogeuka, uso wa mwanangu ulikuwa umekunjika wote. Paji, pua, mdomo, kidevu, kila kitu kilikuwa kimevutwa katikati, uso wa mtoto mchanga. Machozi yalikuwa yanateremka kuelekea masikioni. Mkono wake ulikuwa juu, unaupapasa hewani mkono wa mwuguzi ili auondoe.

"Mama," akasema. "Kichwa inauma."

Shemeji alisimama kwa ghafla kiti kikaanguka. "Sema tena."

"Inauma! Inauma, baba, inauma!"

Akaanza kulia. Hakikuwa kilio chake cha zamani cha kidogo halafu basi. Alilia kwa kinywa wazi, kwa kwikwi, alilia alichokificha kwenye kalvati na kwenye pikapu na kwenye benchi, na wodi nzima ikaamka. Mwuguzi aliomba msamaha, ati angelainisha plasta kwa maji kwanza. Nikataka kumbusu mikono.

Nikapiga simu Bungoma. Mama mkwe alipokea, nikamwambia ampe mtoto, upesi, asiulize. Nikasikia pumzi ya binti yangu na lile swali linaanza. Sikujibu. Niliweka simu karibu na kinywa cha kaka yake.

Alisikiliza kidogo tu. Halafu naye akafungua koo lake lile linalojulikana na soko zima, mmoja akilia Kitale, mwingine akilia Bungoma, kila mmoja akimwongezea mwenzake. Mwuguzi akaniuliza kama siwezi kuwanyamazisha, maana kuna wagonjwa wengine. Nikamwambia hapana. Nikaishika simu vizuri isianguke, nikawaacha walie.